Miji ya Kompyuta: Nani Atauza, Nani Atanunua?

Anayesimama hapa Werugha na kuinua macho huiona milingoti ya mawasiliano juu ya Vuria, kilele kinachovipita vyote katika milima ya Taita, mita 2,208 juu ya bahari. Sauti za wateja wengi hupita juu ya mashamba yetu ya mboga kila saa, na faida yake huhesabiwa kwingine.

Nalisema hili kwa kuwa pana mazungumzo mengi kuhusu miji itakayoendeshwa kwa kompyuta: taa za barabarani zinazojizima, mita za maji zinazojisoma, kamera zinazotambua gari lililoibwa. Konza ndio mfano wetu mashuhuri. Serikali ilinunua ekari 5,000 huko Malili mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi Januari 2013. Je, ni nani waliokwisha kuuza kitu pale? Kampuni ya Kiitaliano ilipewa kandarasi ya barabara na mabomba. Huawei ya Uchina ikajenga kituo cha kuhifadhi data. Nao mwaka 2014 Safaricom ilipata mkataba wa shilingi bilioni 14.9 wa kuwawekea polisi kamera na mitambo ya mawasiliano Nairobi na Mombasa.

Siwalaumu. Mwenye mtaji na ujuzi ndiye apewaye kazi. Ninalolipinga ni fikira kwamba nafasi zimekwisha kwa kuwa vigogo wameshiba. Mitambo ikisha kufungwa huhitaji fundi wa kuitengeneza, na mwandishi wa programu ambayo muuza nyanya wa Voi ataielewa. Kazi hiyo haifanyiki vyema kutoka Shenzhen.

Walimu wenzangu wanavikumbuka vishikwambi vya darasa la kwanza, vya mwaka 2016. Waliopewa kazi ya kuvileta ni Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta, kila kimoja kikishirikiana na kampuni ya ng'ambo: moja ya Ureno, nyingine ya Brazili. Naam, vyuo vyetu vilikuwa wafanyabiashara! Sioni kwa nini Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake mwaka huo huo, kisijaribu jambo kama hilo, hata kwa kiasi kidogo.

Na bidhaa ya kuanzia ipo. Chemchemi za Mzima zimo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, na bomba lililojengwa miaka ya 1950 huyapeleka maji yake Mombasa, huku kiu ikiwa wimbo wa kawaida kwetu mabondeni. Maji yanayovuja njiani ni fedha zinazomwagika. Kifaa kidogo cha kupima shinikizo, chenye kutuma ujumbe kwa simu pindi bomba lipasukapo, si muujiza. Mwalimu wa fizikia na wanafunzi wake wanaweza kukijaribu kwenye tangi la shule.

Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Basi kaunti nayo itakapotangaza zabuni ya mita za maji, iigawe vipande vipande, isiifunge katika furushi moja ambalo kampuni ya vijana watano wa Werugha haiwezi kulibeba.