Hadithi za Picha na Ramani Huria Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, Uganda, kusini mashariki mwa mji wa Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Kwa maktaba, mchanganyiko huo wa lugha ni mtihani mgumu, kwani kitabu cha Kiingereza humwacha kando mtoto aliyetoka Kivu juzi.

Hapo ndipo hadithi za picha zenye leseni huria zinapofaa. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliofungua hazina yake mwaka 2014, humruhusu yeyote kunakili, kutafsiri na kuchapa hadithi zake, mradi awataje mwandishi na mchoraji. Michoro hubaki ileile huku maneno yakigeuzwa: Kiswahili, Runyankore, Kinyarwanda. Mwalimu hahitaji barua ya mchapishaji wala ada, ingawa karatasi na wino, kwa kweli, bado vina bei.

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hufuata njia hiyohiyo. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara anaweza kuipakua bure, ila akiiboresha hifadhidata yake na kuisambaza, sharti aiache huria.

Lakini uhuria una mpaka. Mahali pa kisima panaweza kutangazwa. Jina na alama za vidole za mkimbizi hufichwa, maana huenda anayemkimbia bado anamtafuta.