Nani Humlipia Mtafiti Kijana wa Afya ya Mama?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi kuanza, andika ubaoni maneno haya matatu: UTAFITI, RUZUKU, IDHINI. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.

Leo tunazungumza hasa na darasa la Mhezi, katika Wilaya ya Same.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mama amejifungua. Mtoto amelia, nyumba nzima imefurahi. Kisha damu inatoka, wala haikomi. Hospitali kubwa ya KCMC iko Moshi. Kutoka Same mjini ni mwendo wa zaidi ya kilometa 100, na ninyi wa milimani hamna budi kuteremka kwanza. Mkunga afanye nini?

Iko dawa iitwayo asidi ya traneksamiki. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya wanawake 20,060 wa nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo, waliotokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Wengine walipewa dawa hiyo, wengine hawakupewa. Ilionekana kwamba ikitolewa kabla ya saa tatu kupita, vifo vya kutokwa na damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Jambo hili halikujulikana kwa kubahatisha. Watu waliuliza, wakahesabu, wakalinganisha, wakaandika. Kazi hiyo ndiyo UTAFITI.

Sasa, je, utafiti hulipiwa na nani? Mtafiti anahitaji nauli, vipimo, karatasi, na mishahara ya wauguzi wanaomsaidia. Fedha anazopewa kwa kazi hiyo huitwa RUZUKU. Ruzuku si mkopo. Harudishi fedha, bali huonyesha hesabu ya matumizi yake, na hurudisha majibu.

Tazameni mfano wa karibu. Tangu mwaka 2000 hospitali ya KCMC, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha nchi ya Norwe, ilianza kutunza daftari la uzazi. Mama akijifungua pale, muuguzi humwuliza: Una umri gani? Umezaa mara ngapi? Ulikwenda kliniki mara ngapi? Mtoto ana uzito gani? Majibu huwekwa pamoja. Vijana wengi waliokuwa wanaanza kazi ya utafiti wamejifunza kwa daftari hilo. Mwaka 2013 ilitangazwa kazi iliyotokana nalo. Ilionyesha kwamba mama aliyewahi kuzaa mtoto njiti, yaani kabla ya mimba kukomaa, ana hatari kubwa zaidi ya kuzaa njiti tena. Basi mkunga akijua hivyo, humwangalia mama huyo mapema. Hiyo ndiyo faida ya kumjibu muuguzi.

Lakini mtafiti kijana ana taabu yake. Akiomba ruzuku, huandika maelezo marefu: anataka kujua nini, atafanyaje, itagharimu kiasi gani. Wanaosoma maombi humwuliza, “Umekwisha kufanya utafiti gani?” Hajafanya, kwa kuwa hajapata fedha. Hapati fedha, kwa kuwa hajafanya. Ni kama kijana anayenyimwa shamba kwa sababu hajawahi kulima. Naye mwanamke ana mzigo wa pili. Mifuko mingi huhesabu miaka tangu mtu amalize masomo, na miaka hiyo ndiyo ya kuzaa na kunyonyesha. Baadhi ya mifuko sasa humwongezea muda.

Ninyi wa Upare mnaijua ndiva. Maji hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, kila mtu akapata kwa zamu. Maji yakiwa machache, shamba la mwisho wa mfereji hukauka. Mtafiti kijana ndiye mwenye shamba la mwisho.

Je, ndiva ya utafiti hujazwa na nani? Hapa nchini tunayo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mfuko wa MTUSATE ulioanzishwa mwaka 1995. Huko Geneva uko mpango wa utafiti wa uzazi wa Shirika la Afya Duniani, ulioanzishwa mwaka 1972, ambao pia husaidia kuwafundisha watafiti. Nchi za Afrika ziliahidi kutenga kwa ajili ya utafiti asilimia 1 ya pato la taifa, yaani shilingi moja katika kila shilingi 100. Nyingi hazijafika hapo. Kwa hiyo fedha nyingi hutoka ng'ambo. Lakini chemchemi ikiwa katika kilima cha mwingine, mwenyewe aweza kuifunga. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, na kazi nyingi za afya zikasimama. Tena, mwenye fedha ndiye mara nyingi huchagua swali. Aliye mbali hawezi kujua kwamba swali la Mhezi ni njia ya kuteremka usiku.

Katika Tanzania, hesabu ya mwaka 2015-16 ilionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha 104. Tumepiga hatua kubwa. Lakini hao 104 walikuwa na majina na watoto.

Basi ninyi mfanye nini? Mtafiti akija, mwulizeni kibali chake. Utafiti wa afya huidhinishwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Pili, atawaomba IDHINI, yaani ukubali wenu. Someni karatasi kabla ya kutia sahihi. Mna haki ya kukataa, wala hamtanyimwa matibabu. Tatu, mwambieni arudi na majibu. Ndiva husafishwa kwa msaragambo; nanyi mnatoa fungu lenu mnapotoa habari zenu. Mwenye fungu ana haki ya kuuliza maji yamefika wapi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ruzuku na mkopo vina tofauti gani?
2. Kwa nini mtafiti kijana hupata shida kupewa ruzuku?
3. Kama mngekuwa na fedha za utafiti mmoja tu wa afya ya akina mama wa Mhezi, mngeuliza swali gani? Liandikeni kwa sentensi moja.