Tovuti Iliyobandikwa Mlangoni

Mlango wa steshenari hii ni wa bati, ila bati lenyewe halionekani. Limefunikwa karatasi kuanzia usawa wa magoti hadi pale mkono wa mwenye duka unapofika akisimama juu ya kiti. Nafasi za watendaji wa vijiji. Madereva daraja la pili. Wito wa usaili. Mikopo ya asilimia kumi kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Viwanja vilivyopimwa. Mnada wa magari chakavu. Zote zimeshushwa kutoka tovuti ya halmashauri, zikachapwa na kubandikwa kwa selotepu. Kisha, kwa kalamu nene nyekundu, juu ya kila moja kimeandikwa kile ambacho tangazo lenyewe limekizika kwenye aya ya nne: MWISHO IJUMAA. KIDATO CHA NNE ANARUHUSIWA. KIKUNDI KIWE KIMESAJILIWA KWANZA. Na moja iliyonisimamisha: HII SI YA KWETU, NI YA WILAYA.

Nilikwenda kutoa fotokopi ya kitambulisho. Nikaomba kiti.

Kilichonikereketa ni hiki: waliokuwa wamesimama mlangoni wakisoma, karibu wote walikuwa na simu za kugusa mkononi. Tovuti wanayo kiganjani. Kwa nini wanaisoma kwenye bati?

“Bando wanalo,” anasema mwenye duka, mama wa makamo asiyetaka jina lake litoke gazetini. “Ila mtu akifungua anakutana na picha ya mkurugenzi. Anateremka, anakuta ziara ya mkuu wa wilaya. Anateremka tena, mwenge umepokelewa. Tangazo analolitafuta liko chini kabisa pembeni, na kwenye simu hicho ki-pembeni kinahamia mwisho wa ukurasa. Hafiki. Anakuja hapa.”

Yeye hafungui ukurasa wa mbele kabisa. Tovuti za halmashauri zetu zimetoka kiwanda kimoja, na menyu zake zinafanana kama sare za shule: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Madiwani, Machapisho, Kituo cha Habari. Aliyeizoea moja hapotei kwenye nyingine. Hata anwani haitafuti, anaitunga: jina la mahali, herufi mbili, halafu .go.tz. Halmashauri ya wilaya ni dc, ya mji ni tc, manispaa ni mc, jiji ni cc. Kwa Tanzania Bara yenye halmashauri 184, hiyo ni akiba kubwa kuwa nayo kichwani.

Hapo hapo ndipo watu wanapojikwaa. Singida kuna manispaa na kuna wilaya. Vivyo hivyo Songea, Bukoba, Musoma na Moshi. Njombe, Korogwe, Kasulu na Newala kuna mji na kuna wilaya. Majina yaleyale, wakurugenzi tofauti, masanduku ya barua tofauti. “Vikundi vya akina mama vinakuja na katiba, muhtasari wa kikao, kila kitu,” anasema. “Nauliza, mnakaa kata gani? Wakitaja tu najua wamesoma tangazo la jirani.” Ndiyo asili ya ile karatasi ya HII SI YA KWETU. Ameiacha ibaki makusudi, maana akiibandua wataisoma kwenye simu bila ule wino mwekundu.

Nikamwomba anionyeshe anavyotafuta jina kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili. Nilitarajia aandike jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Akacheka. Akafungua faili, lenye namba tupu badala ya jina, akachukua rula ya plastiki na kuiegemeza kwenye kioo cha kompyuta. Akaanza kuiteremsha mstari kwa mstari, midomo ikisoma kimya. Majina mengi, ukurasa baada ya ukurasa, mengine yamelala upande kwa sababu karatasi iliingia skana ikiwa imepinda. Ndani ya faili hilo hamna maneno ambayo kompyuta ingeweza kuyatafuta. Kuna picha ya maneno.

“Fikiria,” ananiambia. “Wameichapa kwenye kompyuta. Wameiprinti. Bosi amesaini, muhuri umegongwa. Wakaiskani, wakaipandisha. Mimi nimeishusha, nimeiprinti tena. Hiyo karatasi imetembea kuliko mimi.”

Nilikuwa tayari kuilaumu halmashauri. Akanizuia. Aliwahi kuchapa upya tangazo moja kwa herufi kubwa, safi, mambo ya lazima yakiwa juu. Watu wakalisoma, wakamgeukia: muhuri uko wapi? Hakuna aliyeliamini. Akarudisha lile lenye ukungu wa skana, na kalamu nyekundu juu yake. Kwa hiyo anayeng'ang'ania muhuri si ofisi peke yake.

Chini ya kaunta kuna droo yenye kufuli, na ndani yake kaunta buku mbili. Tangu maombi ya ajira yaende kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na leseni za biashara kwenye TAUSI ya TAMISEMI, kila mteja anahitaji barua pepe na nywila. Anawafungulia yeye. Wanasahau. Wanarudi wakimlaumu yeye. Basi anaandika: jina, simu, barua pepe, nywila. Ukurasa hadi ukurasa, wino wa bluu.

Nilimkumbusha kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Daftari hilo likiibwa je? Alinitazama kwa muda. “Niwaambie wakariri?” Sikuwa na jibu, na sidhani kama aliyeitunga sheria alikuwa na steshenari kichwani. Wala hakuna anayemlipa kwa kazi hii nje ya bei ya karatasi. Karatasi za mlangoni ni hasara yake. Anasema zinaleta wateja.

Nilitaka kujua jambo moja zaidi: kuna anayekuja kuomba bajeti ya halmashauri, mapato na matumizi, sheria ndogo? Alifikiri. Mmoja, akasema. Mkulima wa alizeti aliyetozwa ushuru getini kwa magunia machache. Alikuwa amesikia kwamba tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja haulipiwi ushuru ukivuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na kweli ndivyo Bunge lilivyopitisha. Alitaka kuona sheria ndogo ya getini inasemaje.

Wakaingia Machapisho. Wakabofya Sheria Ndogo. Ukurasa ukafunguka vizuri: nembo ya taifa juu, kichwa cha habari, na chini yake hamna faili hata moja.

Mama alimwomba radhi na kutaka kufunga kompyuta. Mkulima akamwambia asubiri, auprinti hivyo hivyo ulivyo. Anataka aende nao getini.

“Nikamprintia,” anasema mama. “Akaniuliza kama naweza kumpigia na muhuri.”