Ununuzi wa mikusanyo ya zamani ya stempu

Ununuzi wa mikusanyo ya zamani ya stempu ni njia mojawapo ya kupata stempu za posta. Kwa njia hiyo mkusanyaji hanunui stempu moja moja, bali hununua albamu nzima au sanduku la albamu zilizojazwa na mtu mwingine. Mara nyingi mikusanyo ya namna hiyo huuzwa na warithi baada ya mwenyewe kufariki, au na mkusanyaji aliyezeeka au anayehitaji fedha. Huuzwa mnadani, kwa wafanyabiashara wa stempu, sokoni, au kwa makubaliano ya watu wawili.

Thamani ya mkusanyo haitegemei aina za stempu peke yake. Stempu ni kipande cha karatasi chenye picha upande mmoja, na mara nyingi gundi upande wa pili. Huenda imekaa ikigusana na ukurasa uleule kwa miaka 50 au zaidi. Kwa sababu hiyo hali ya kurasa za albamu huonyesha mambo yaliyozipata stempu: unyevu, joto, asidi, wadudu na mikono ya watu. Mnunuzi anayetazama picha tu bila kukagua ukurasa anaweza kulipia stempu iliyokwisha haribika upande wa nyuma.

Historia

Stempu ya kwanza ya posta yenye gundi, iitwayo Penny Black, ilitolewa nchini Uingereza mwezi Mei 1840, kufuatana na mapendekezo ya Rowland Hill ya kurekebisha huduma ya posta. Nchi nyingine zilifuata, na watu wakaanza kukusanya stempu za nchi mbalimbali. Mnamo mwaka 1862 Mfaransa Justin Lallier alitoa mjini Paris albamu iliyochapishwa maalumu kwa ajili ya stempu.

Wakusanyaji wa kwanza hawakuwa na ujuzi wa kuhifadhi karatasi. Wengi walibandika stempu moja kwa moja ukurasani kwa gundi ya kawaida, na wengine walikata kingo zake ili zitoshee katika nafasi ndogo za albamu. Ndiyo sababu stempu nyingi za karne ya 19 zilizobaki hadi leo zina kasoro.

Kununua mkusanyo wa mtu mwingine ni desturi ya zamani. Philipp von Ferrary, aliyekuwa miongoni mwa wakusanyaji mashuhuri zaidi duniani, alinunua mikusanyo mizima ya watu waliomtangulia, ukiwemo ule wa Mwingereza Frederick Philbrick mwaka 1882. Ferrary alifariki mwaka 1917. Mkusanyo wake ulitwaliwa na serikali ya Ufaransa na kuuzwa katika minada mjini Paris kuanzia mwaka 1921. Kwa njia hiyo stempu moja huweza kupita katika albamu nyingi, na kila albamu huweza kuacha alama yake.

Namna stempu zinavyoshikizwa ukurasani

Kuna njia kuu nne, na kila moja ina athari zake:

1. Gundi ya kawaida au utepe wa kunata. Hii ndiyo njia mbaya kuliko zote. Gundi hushika nyuzi za karatasi, na utepe huacha doa la manjano au la kahawia ambalo kwa kawaida haliondoki.

2. Kikaratasi cha kukunja. Ni kipande chepesi chenye gundi kidogo: nusu yake hubandikwa nyuma ya stempu na nusu nyingine ukurasani, hivyo stempu huweza kuinuliwa kama mlango kwenye bawaba. Njia hii ilikuwa ya kawaida kwa muda mrefu. Kikaratasi kizuri hutoka kwa urahisi, lakini huacha alama kwenye gundi ya stempu mpya. Kikilazimishwa huchubua karatasi na kuacha sehemu nyembamba.

3. Kifuko cha plastiki angavu. Stempu huingizwa ndani bila kubandikwa. Njia hii huhifadhi gundi ya asili, mradi plastiki yenyewe iwe salama.

4. Kitabu chenye mistari ya mifuko. Stempu huchomekwa tu. Ni rahisi kuzipanga upya, lakini meno ya pembeni huweza kukunjika.

Kinachosomeka katika ukurasa

Rangi ya karatasi. Albamu nyingi za bei nafuu zilitengenezwa kwa karatasi ya mti yenye lignini. Karatasi hiyo hutoa asidi kadiri inavyozeeka. Hugeuka kuwa ya manjano au kahawia na kukatika inapokunjwa. Asidi huhamia kwenye stempu. Ikiwa ukurasa una rangi ya kahawia isipokuwa mahali palipofunikwa na stempu, hiyo ni dalili kwamba ukurasa umezeeka vibaya, na nyuma ya stempu panapaswa kukaguliwa.

Madoa ya kutu. Vidoa vidogo vya kahawia huhusishwa na unyevu, kuvu na chembe za chuma ndani ya karatasi. Vikionekana kwenye meno ya stempu hupunguza bei yake sana.

Mawimbi. Ukurasa uliojikunja au kuwa na mawimbi umewahi kupata maji au unyevu mwingi. Hapo huenda gundi ya stempu mpya imelainika na kugandamana na karatasi.

Harufu. Harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu, hata kama hauonekani kwa macho. Albamu moja yenye ukungu inaweza kuambukiza nyingine ikiwekwa nazo kabatini.

Wadudu. Mende na wadudu wengine hula gundi na karatasi. Dalili zake ni matundu, kingo zilizoliwa na vinyesi vidogo vyeusi.

Plastiki. Plastiki ya PVC iliyolainishwa hutoa kemikali kadiri muda unavyopita. Ikinata au kutoa harufu kali, stempu ziko hatarini. Poliesta na polipropilini huhesabiwa kuwa salama zaidi.

Nafasi tupu. Nafasi yenye mabaki ya kikaratasi huonyesha kwamba stempu iliwahi kuwepo ikaondolewa. Nafasi nyingi za aina hiyo, hasa pale ambapo stempu za thamani kubwa zingekuwepo, humaanisha kwamba kuna mtu aliyekwisha chagua zilizo bora kabla ya mkusanyo kuuzwa.

Hali ya hewa ya pwani

Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu huweza kuota kwenye karatasi. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam kiwango hicho hupitwa mara kwa mara. Albamu iliyokaa kwenye sanduku lililofungwa au kabati lililoegemea ukuta wenye unyevu huharibika haraka kuliko ile iliyokaa Nairobi au Arusha. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si idadi ya stempu, bali ni mahali zilipohifadhiwa.

Ukaguzi kabla ya kununua

Mnunuzi huhitaji lenzi ya kukuzia, kibano cha stempu chenye ncha bapa na mwanga wa kutosha. Mikono iwe safi na mikavu. Kwa ruhusa ya muuzaji, anapaswa kuinua stempu kadhaa kutoka kurasa mbalimbali, si za ukurasa wa kwanza tu, na kutazama upande wa nyuma: kama kuna sehemu nyembamba, mpasuko, doa au mkunjo. Stempu ikielekezwa kwenye mwanga, sehemu nyembamba huonekana kuwa angavu zaidi. Meno yahesabiwe pande zote nne.

Bei za katalogi ni za stempu yenye hali nzuri inayouzwa peke yake. Haifai kujumlisha bei hizo na kuzichukua kuwa thamani ya albamu nzima. Kwa kawaida mkusanyo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya jumla hiyo, kwa kuwa stempu nyingi ndani yake ni za kawaida na huchukua muda kuuzwa. Jambo hili huwavunja moyo warithi wengi, na pia huwapa nafasi wanunuzi wasio waaminifu kuwalipa kidogo mno. Mrithi asiyejua thamani anashauriwa kupata maoni ya zaidi ya mtu mmoja kabla ya kuuza.

Stempu zinazohitaji tahadhari

Baadhi ya stempu za Afrika Mashariki zimeghushiwa mara nyingi. Mojawapo ni zile za Uganda za mwaka 1895, ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta na kuziandikia thamani kwa hesabu ya kauri. Nyingine ni stempu za Uhindi zilizopigwa chapa ya neno "Zanzibar" mwaka huohuo. Stempu za namna hiyo zisinunuliwe kwa bei kubwa bila cheti cha mtaalamu.

Stempu za thamani kubwa za Kenya na Uganda za miaka ya 1920 zilitumika pia kulipia ushuru wa hati. Baadhi zilisafishwa wino wa kalamu baadaye na kupigwa muhuri bandia wa posta ili zionekane zilitumika kwenye barua. Lenzi huweza kuonyesha mabaki ya wino au sehemu iliyofifia.

Kwa upande mwingine, albamu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimejaa stempu kubwa za kupendeza za Ajman, Fujairah, Umm al-Quwain na falme nyingine ndogo za Ghuba. Zilichapishwa kwa wingi hasa kwa ajili ya wakusanyaji, na nyingi zina thamani ndogo licha ya uzuri wake.

Baada ya kununua

Albamu mpya isiwekwe mara moja pamoja na nyingine. Huwekwa kwanza mahali pakavu penye hewa, na kukaguliwa kama ina ukungu au wadudu. Kurasa zenye asidi hubadilishwa kwa karatasi isiyo na asidi. Stempu zilizotumika ambazo zimenata zinaweza kulowekwa katika maji ya kawaida, isipokuwa zile ambazo wino wake huyeyuka. Stempu mpya zenye gundi yake ya asili hazilowekwi, kwa kuwa gundi hiyo ikitoka hairudi. Albamu husimamishwa wima bila kubanwa, mbali na jua na ukuta wenye unyevu.

Kabla ya kutupa kurasa za zamani inafaa kuzipiga picha. Mara nyingi mwenyewe wa kwanza aliandika pembeni tarehe, mji, jina la mtu aliyempelekea barua, au maelezo ya muhuri wa posta. Stempu ya Zanzibar yenye chapa ya "JAMHURI 1964" huonekana kuwa moja tu kati ya nyingi, lakini maandishi ya aliyeitoa kwenye barua yake mwaka huo huifanya kuwa kumbukumbu ya kaya na ya mji. Vilevile bahasha nzima yenye stempu na mihuri yake isikatwe, kwa kuwa mara nyingi ina thamani zaidi ikibaki kama ilivyo. Stempu nyingine ya aina ileile yaweza kupatikana kwingine, ila maelezo ya ukurasani yakitupwa hayapatikani tena.