Hesabu Iliyowapotosha Ohio State Mbele ya Michigan

Tarehe 30 Novemba 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilifungwa nyumbani na Michigan kwa pointi 13 kwa 10, na kabla uwanja haujamaliza kumwaga watu, mashabiki walikuwa tayari na swali lao. Mbona mpira ulikuwa ukipelekwa katikati kila mara, pale pale walipopangwa watu wazito kuliko wote wa Michigan, ilhali pembeni kulikuwa na mpokeaji Jeremiah Smith? Swali lilikuwa la haki. Jibu walilojipa wengi wao, kwamba kocha Ryan Day hajui kazi yake, lilikuwa jepesi mno, na lilificha jambo ambalo kila anayefuatilia futiboli ya Kimarekani angefaidika kulielewa.

Kipigo chenyewe kwanza, maana asiyejua uzito wake hawezi kuelewa hasira iliyofuata. Ohio State iliingia uwanjani ikishika nafasi ya 2 nchini, imepoteza mechi moja tu msimu mzima, tena kwa pointi moja, dhidi ya Oregon. Michigan ilikuwa imeshapoteza mechi 5. Kampuni za kubashiri ziliipa Ohio State ushindi wa karibu pointi 20. Uwanja wa Columbus hubeba zaidi ya watu laki moja, na mechi hii ndiyo ambayo mwaka mzima wa timu hizi mbili hupimwa kwayo. Kocha anaweza kushinda nyingine zote, akapoteza hii, na mtaani akahesabiwa ameshindwa. Kwa Day hiki kilikuwa kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa Michigan.

Kwa msomaji mgeni, kanuni inayotuhusu ni moja. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, yaani mita 9 na ushee. Ikizipata, inaanza upya na majaribio mengine manne. Ikifika jaribio la nne bado haijazipata, kwa kawaida hulazimika kuupiga mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani, au kama iko karibu, kuupiga upite kati ya nguzo kwa pointi 3. Kuuvusha mpira hadi eneo la goli ni tachidauni, pointi 6 na nafasi ya kuongeza. Mpira unasonga kwa njia mbili: kwotabeki anaurusha hewani kwa mpokeaji, au anamkabidhi mkimbiaji anayepenya nyuma ya miili ya wenzake watano wa safu ya mbele. Hao watano hawaruhusiwi kuupokea mpira uliorushwa. Kazi yao ni kusukuma, kuziba na kumlinda kwotabeki.

Sasa takwimu. Siku hiyo Ohio State ilisonga yadi 252 tu. Kwotabeki Will Howard alirusha mara 33, akafikisha 19 kwa yadi 175, tachidauni moja, na mipira 2 iliyodakwa na wapinzani. Mmoja kati ya hiyo miwili uliwaweka Michigan hatua chache kutoka mstari wa goli, wakafunga tachidauni yao pekee. Kwa kukimbia, Ohio State ilijaribu mara 26 ikapata yadi 77, wastani wa yadi 3 hivi kila mara. (Katika hesabu za vyuo, yadi zinazopotea kwotabeki anapoangushwa na mpira mkononi hutolewa kwenye hesabu ya kukimbia, kwa hiyo wastani huo huonekana mbaya kidogo kuliko hali yenyewe.) Michigan nayo haikucheza kwa ustadi wa kutisha: yadi 234, kati yake 62 tu kwa kurusha, na kwotabeki wake pia alidakwa mara 2. Walinzi wa Ohio State walifanya kazi yao. Baada ya mapumziko, matokeo yakiwa 10 kwa 10, washambuliaji wa Ohio State hawakuongeza hata pointi moja.

Tazama tena idadi hizo: mirusho 33, mikimbio 26. Shabiki aliyelalamika kwamba timu “ilikimbia tu” alikuwa na macho mazuri, ila alikosea alipohesabu. Ohio State ilirusha zaidi ya ilivyokimbia. Kilichoharibika ni mpangilio. Majaribio mengi ya kwanza yalikwenda katikati kwa yadi 1 au 2, kisha yadi 8 zilizobaki zikatafutwa kwa kurusha, wakati kila aliyekuwa uwanjani, mlinzi na mnunuzi wa tiketi, anajua kwamba mpira utarushwa.

Wachambuzi wa mchezo huu wana kipimo kinachosaidia hapa. Jaribio la kwanza huhesabiwa kuwa limefaulu likileta angalau nusu ya yadi zinazotakiwa, yaani 5 kati ya 10. La pili lazima lilete asilimia 70 ya zilizobaki. La tatu na la nne lazima yalete zote. Mkimbio wa yadi 2 katika jaribio la kwanza si maendeleo madogo kama unavyoonekana kwenye televisheni. Kwa kipimo hiki ni jaribio lililopotea, na hasara yake huja baadaye, katika jaribio la tatu, walinzi wa kasi wanapomwendea kwotabeki bila hofu ya kukimbiwa.

Kwa nini basi kocha mwenye akili arudie jambo hilo? Hapa ndipo penye utajiri wa mechi hii. Kabla mpira haujaanza kuchezwa, kwotabeki na makocha huhesabu walinzi waliosimama karibu na safu ya mbele, kati ya ncha hadi ncha yake, katika eneo wanaloliita boksi. Pande zote zina watu 11. Ulinzi ukiweka watu 8 kwenye boksi, nyuma wanabaki 3, na mpokeaji mmoja wa pembeni hubaki uso kwa uso na mlinzi mmoja: rusha. Ukiweka 6, nyuma kuna ulinzi mara mbili juu ya wapokeaji, na mbele washambuliaji wana watu wa kutosha wa kumziba kila mmoja: kimbia. Kanuni hii hufundishwa kuanzia sekondari, na Chip Kelly, kocha wa mashambulizi wa Ohio State msimu huo, alijijengea jina pale Oregon kwa kuitumia vizuri kuliko karibu kocha yeyote wa kizazi chake.

Michigan ilijua kwamba Smith na mwenzake Emeka Egbuka wakiachwa peke yao wataiua. Smith alikuwa mwaka wake wa kwanza chuoni na alimaliza msimu akiwa na yadi 1,315 na tachidauni 15 za kupokea. Isitoshe, mlinzi bora wa pembeni wa Michigan, Will Johnson, alikuwa majeruhi. Kwa hiyo Michigan iliacha watu nyuma kuwafunika wapokeaji, ikapunguza boksi. Hesabu ikawaambia Ohio State wakimbie, nao wakaitii.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba inamchukulia kila mtu kuwa sawa na mwingine. Katikati ya safu ya Michigan walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, majitu mawili yaliyochaguliwa na timu za kulipwa miezi mitano baadaye, Graham akiwa wa 5 na Grant wa 13 kati ya wachezaji wote wa nchi nzima. Mtu wa namna hiyo hazibwi na mmoja. Akitumiwa wawili, mlinzi aliye nyuma yake anabaki huru na ndiye anayemkamata mkimbiaji. Akitumiwa mmoja, anamsukuma huyo mmoja mpaka kwenye miguu ya mkimbiaji mwenyewe. Boksi yenye watu 6 pamoja na Graham na Grant huzuia kama boksi ya 8. Michigan ilipata ulinzi wa nyuma na wa mbele kwa pamoja, anasa ambayo timu chache huipata.

Upande wa pili, safu ya mbele ya Ohio State ilikuwa imeshavunjika. Josh Simmons, mlinzi wa upande wa kushoto wa kwotabeki, aliumia Oktoba katika mechi ile ya Oregon, na msimu wake ukaishia hapo. Ilibidi Donovan Jackson ahamishwe kutoka nafasi yake ya ndani akazibe pengo la nje. Kisha, siku chache kabla ya mechi ya Indiana mwezi Novemba, Seth McLaughlin, aliyekuwa akicheza katikati kabisa na kuuanzisha mpira, aliumia kano ya kisigino mazoezini. McLaughlin ndiye aliyeshinda tuzo ya mchezaji bora nchini katika nafasi hiyo mwaka huo. Mtu wa katikati husoma walinzi na kuwaambia wenzake nani anazibwa na nani. Kumkosa yeye, kisha kupeleka mpira mahali alipotakiwa kuwepo, mbele ya Graham na Grant, ni kuchagua uwanja wa vita ambao adui ameshaumiliki.

Kwa hiyo lawama yangu kwa makocha ni nyembamba kuliko ya mashabiki, lakini ni kali. Kukimbia katika robo ya kwanza kulikuwa na hoja. Ukiona boksi imepungua, jaribu. Ila kufikia mapumziko jibu lilikuwa limeonekana wazi, na katika kipindi cha pili timu iliendelea kuuliza swali lile lile. Wapo wanaosema Ohio State ilitaka kuthibitisha ubabe, baada ya miaka mitatu ya kuambiwa na wapenzi wa Michigan kwamba ni timu laini. Sina haja ya kuingia mioyoni mwa watu. Inatosha kuona kwamba kanuni iliheshimiwa hata baada ya uwanja kuikataa.

Kuna lawama nyingine iliyonisikitisha. Jayden Fielding, mpigaji wa Ohio State, alikosa mikwaju 2 ya nguzo, yenye thamani ya pointi 6, katika mechi iliyoamuliwa kwa pointi 3, na hasira nyingi zilimwangukia yeye. Ni mwanafunzi. Timu yenye vipaji vile ilipaswa kuwa imeshafunga tachidauni za kutosha kiasi kwamba mguu wake usingeamua chochote. Mashambulizi yanapokufa karibu na goli, mpigaji ndiye hubebeshwa mzigo walioushindwa watu 11.

Kwa kawaida uchambuzi wa baada ya kipigo hauwezi kupimwa, kwa sababu msimu huisha na wachezaji hutawanyika. Safari hii ulipimwa. Mwaka 2024 mashindano ya ubingwa yalipanuliwa kwa mara ya kwanza hadi timu 12, na Ohio State ikaingia licha ya kipigo. Tarehe 21 Desemba ilikutana na Tennessee pale pale Columbus, ikiwa na Jackson yule yule upande wa kushoto na Carson Hinzman, aliyeziba nafasi ya McLaughlin, yule yule katikati. Safari hii mpira ulirushwa mapema, kwenye majaribio ya kwanza, kabla walinzi hawajajua kinachokuja. Robo ya kwanza ilipoisha ilikuwa 21 kwa 0. Howard alifikisha mirusho 24 kati ya 29 kwa yadi 311, karibu yadi 11 kwa kila mrusho, mara mbili ya alizopata dhidi ya Michigan. Matokeo: 42 kwa 17. Siku ya Mwaka Mpya Oregon, timu ya 1 nchini, ilikuta mvua hiyo hiyo ya mirusho, ikaachwa 34 kwa 0 kabla haijapata pointi, na Smith peke yake akapokea yadi 187.

Walinzi wanapolazimika kurudi nyuma mapema, wakimbiaji TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins hukuta njia ambazo Novemba hazikuwepo. Safu ya mbele haikupona ghafla katika wiki 3. Iliombwa kazi inayoiweza: kumlinda kwotabeki kwa sekunde 2 au 3, badala ya kuwang'oa watu wenye kilo zaidi ya 140.

Sitaki kudai kwamba tatizo liliisha. Texas, katika nusu fainali, ilimfunika Smith kiasi cha kupokea mara 1 tu kwa yadi 3, na kwa muda mrefu Ohio State ilionekana imekwama tena. Tofauti ni kwamba haikung'ang'ania. Sekunde chache kabla ya mapumziko, mpira mfupi ulirushwa kwa Henderson nyuma ya walinzi waliokuwa wakimkimbilia Howard, naye akaenda nao yadi 75 hadi golini. Ilishinda 28 kwa 14.

Fainali ilichezwa Atlanta tarehe 20 Januari 2025 dhidi ya Notre Dame. Ohio State iliongoza 31 kwa 7, kisha Notre Dame ikarudi hadi 31 kwa 23. Zikiwa zimebaki chini ya dakika 3, Ohio State ilikuwa kwenye jaribio la tatu na yadi 11 za kutafuta. Desturi inasema kimbia katikati, maliza muda, piga mpira mbali, waachie walinzi wako kazi. Notre Dame ilimwacha Smith na mlinzi mmoja. Howard alirusha mbali, Smith akaudaka kwa yadi 56, na baada ya hapo Fielding akapiga mkwaju uliopita katikati ya nguzo na kuifanya 34 kwa 23.