Kitovu cha Ramani na Maneno Tunayofundisha

Katika somo la tafsiri mwanafunzi wetu mmoja aliuliza: "Mwalimu, mbona Mashariki ya Kati iko kaskazini kwetu?" Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kampala iko takriban nyuzi 32.6 za longitudo mashariki. Kairo iko nyuzi 31.2. Yaani Kairo iko kaskazini mwetu, tena magharibi kidogo.

Dunia ni tufe kama chungwa. Uso wake hauna katikati. Mchoraji ndiye huamua kitovu cha ramani. Katika ramani ya Hereford, Uingereza, iliyochorwa kwenye mwaka 1300, Yerusalemu iko katikati na mashariki iko juu. Al-Idrisi, aliyemchorea Mfalme Roger wa Pili wa Sisili mwaka 1154, aliweka kusini juu. Mwaka 1602 padri Matteo Ricci na wasomi wa Beijing walitoa ramani yenye Bahari ya Pasifiki katikati, China isibaki pembeni. Hadi leo ramani nyingi za China na Japani hufuata mpangilio huo: Afrika huwa kushoto, Marekani kulia. Ile tuliyoizoea sisi ilipata nguvu mwaka 1884, mkutano wa Washington ulipoamua longitudo ya sifuri ipite Greenwich, London.

Lugha nayo ina kitovu chake. "Mashariki ya Kati" na "Mashariki ya Mbali" ni majina ya mtu aliyesimama Ulaya akitazama mashariki. Kiswahili kimeyatafsiri tu. Kwa upande mwingine, "kaskazini" na "kusini" yanahusiana na kaskazi na kusi, pepo zilizosukuma majahazi. Hayo ni maneno ya mtu aliyesimama Pwani. Basi hata sisi wa bara, tusiozijua pepo hizo, twatumia dira ya wenzetu kila siku.

Hatusemi istilahi hizo zifutwe. Zimekwisha kuzoeleka, na mfasiri wa habari hana budi kuzitumia, ingawa "Asia ya Magharibi" nayo ipo. Tunalopendekeza ni dogo: mwalimu atundike ramani mbili zenye vitovu tofauti, kisha kwa kila jina la mahali awaulize wanafunzi, "Aliyelitunga alisimama wapi?" Mfasiri asiyejiuliza hivyo ataendelea kuwaelekeza wasomaji wake mashariki, ilhali mahali penyewe pako kaskazini mwao.