Mvua ya Kwanza Buzwagi: Ngoma Inapohamia Shambani

Ukitoka Kahama kwenda Ushirombo mwishoni mwa Septemba utaona jambo la kushangaza. Ardhi imekauka, nyasi zimeungua, ng'ombe wametokeza mbavu, na tone la mvua halijulikani tangu Mei. Lakini miti ya miombo imechipua. Mitundu, ambayo ni jamii ya miombo, imetoa majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine yanaelekea waridi, na jua la asubuhi likiyapiga utadhani msitu mzima umepakwa rangi usiku. Miti hii haisubiri mawingu. Hutumia maji iliyoyatunza kwenye shina na yale ambayo mizizi yake inayafikia chini kabisa, ikachipua wiki kadhaa kabla ya mvua. Wekundu ule hulikinga jani changa lisiunguzwe na jua; likikomaa hugeuka kijani na hakuna anayelitazama tena.

Shuleni tulifundishwa kwamba majira ya kuchipua ni ya Wazungu, sisi tuna kiangazi na masika, basi. Aliyeandika somo hilo hakupita Kahama mwezi wa kumi.

Jina la Buzwagi, eneo lililo kilometa chache tu kutoka Kahama mjini, Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza Agosti 2007, mbunge Zitto Kabwe aliposimamishwa bungeni baada ya kuhoji mkataba wa mgodi uliosainiwa London. Ikaja Kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia mikataba ya madini, ikaja Sheria mpya ya Madini ya mwaka 2010. Mgodi wenyewe ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na kusimama 2021, na mwaka 2024 eneo lake likatangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Yote yaliyoandikwa kuhusu mahali hapa katika miaka hiyo yalihusu kilicho chini ya ardhi. Leo nataka kuandika juu ya kinachotoka chenyewe, bila baruti wala mkataba, mvua ya kwanza inapogusa udongo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa huihesabu Shinyanga na Geita katika ukanda wenye vuli na masika, vuli ikianza Oktoba kuelekea Desemba. Mkulima wa huku ana dalili zake. Katikati ya Novemba Kilimia huchomoza mashariki jua linapozama, na kundi lile dogo la nyota huonekana usiku kucha. Waswahili wa pwani na wakulima wa bara wamelitumia tangu zamani kuhesabia msimu. Kisha upepo hugeuka, radi husikika mbali upande wa ziwa, na siku moja alasiri ile harufu huja. Kila mtu anaijua. Wanasayansi wanasema hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa ardhini, na kwamba pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno hewani. Bibi zetu hawakuhitaji maelezo hayo ili watoke nje na ndoo.

Usiku unaofuata ni wa kumbikumbi. Wanaruka kwa maelfu kuifuata taa ya dukani, na watoto wanagombania kila mwanga uliopo: balbu ya sola, tochi ya simu, taa ya bodaboda iliyoegeshwa. Kandokando ya Ziwa Victoria wako wanaokipigapiga kichuguu kwa vijiti kama wapiga ngoma, wadudu wadhani mvua inanyesha na kutoka. Nimewahi kuwatazama wapigaji hao na sikuona fujo hata kidogo. Kuna mapigo, kuna kupokezana, kuna mtoto mmoja anayewakemea wenzake waliokosea. Asubuhi mabawa yamejaa uani, na kikaangioni hakuna haja ya mafuta, kumbikumbi wanatoa ya kwao. Chumvi kidogo inatosha.

Baada yao huja uyoga. Upo wa kwenye vichuguu, ambao mchwa wenyewe huulima humo ndani, na upo wa chini ya mitundu, unaoishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hiyo. Ukikata mtundu ili uchome mkaa, umekata na uyoga wa mwakani. Wanawake wanaujua kwa rangi, kwa harufu, kwa namna unavyovunjika, na elimu hiyo hupita kwa binti anayemfuata mama yake porini na kikapu. Asiyeijua asijaribu, uyoga wenye sumu hautoi onyo.

Jikoni huo ndio wakati wa michembe na matobolwa. Kwa wasomaji wa pwani: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Vyote viliandaliwa kiangazi, miezi ya Juni na Julai, juu ya miamba na mabati. Mvua inapoanza ghala limepungua, mahindi mapya bado ni ndoto, na hapo ndipo michembe hutolewa ikapikwa na karanga zilizotwangwa. Matobolwa hutafunwa hivyohivyo, njiani kwenda shamba, au na maziwa ya mgando. Ni magumu mwanzoni, kisha yanalegea mdomoni na utamu unatoka polepole. Sijui pipi ya dukani inayoyafikia. Wiki moja au mbili baadaye mboga ya mgagani inaota yenyewe kwenye maboma ya zamani ya ng'ombe, chungu kiasi, ikitiwa maziwa inatulia, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yanarudishwa juu ya dari.

Watoto nao wamepata udongo. Ardhi nyeusi ya mbuga, iliyokuwa imepasuka nyufa za kumeza mguu, sasa inafinyangika. Vijana wachungaji hufinyanga ng'ombe: dume lenye nundu, jike lenye kiwele, ndama, na pembe ndefu kupita kiasi kwa sababu mfinyanzi ana ndoto zake. Hupangwa juani kando ya njia, zizi zima, na mwenye ng'ombe wengi wa udongo hujivuna kama baba yake anavyojivuna kwa wa kweli. Wengine hutengeneza magari ya waya. Kahama iko kwenye barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na Isaka kuna bandari kavu, kwa hiyo gari la mtoto wa huku mara nyingi ni semi-trela. Lina tela linalokunja kona, lina matairi ya ndala zilizokatwa, na huendeshwa kwa fimbo ndefu kupita kwenye tope halisi, ambalo ndilo linalotenganisha dereva na dereva.

Lakini sanaa kubwa ya msimu huu ni ya jembe, na hapa naomba nisimame kidogo.

Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Wagika na Wagalu, na simulizi huvitaja kuwa vilitokana na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa wanashindania umahiri wa kutunga, kucheza na dawa. Mashindano ya vyama hivyo ni ya kiangazi, baada ya mavuno. Vikundi viwili hupiga ngoma uwanja mmoja, wakati uleule, na hakuna meza ya majaji. Watazamaji huamua kwa miguu: manju, yaani kiongozi wa ngoma, anayevuta umati mkubwa ameshinda. Ndiyo maana kukawa na kila mbinu ya kuvuta macho, kuanzia vinyago hadi chatu aliyezungushwa shingoni. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliijenga heshima ya ngoma hizi ndani ya sherehe ya Ekaristi, na jumba la makumbusho la Wasukuma liko hapo hadi leo.

Mvua ikinyesha uwanja unafungwa, lakini ngoma hainyamazi, inahamia shambani. Bugobogobo, ambayo wengi wetu tuliijua kwenye sherehe za shule na majukwaa ya sikukuu za kitaifa, ni ngoma ya kulima. Vijana hujipanga mstari, mpigaji yuko mbele au ubavuni, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na tuta linakwenda. Kati ya pigo na pigo jembe huzungushwa hewani, hurushwa, hudakwa. Mbwembwe hizo zina kazi yake: anayejua kwamba wasichana wanatazama halegei, na anayelegea huharibu mstari wote. Mwenye shamba hulipa kwa fedha, kwa mbuzi, au kwa chakula na pombe, kulingana na makubaliano. Mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, Frank Gunderson, alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha kitabuni mwaka 2010. Ukizipitia unakutana na historia ya nchi nzima iliyoimbwa na watu wenye tope miguuni: ukoloni, vita, pamba, ujamaa, na matusi mengi kwa kikundi cha jirani.

Wazee na maofisa utamaduni wakilalamika kwamba ngoma hii inapotea, hutupia lawama simu na bongofleva. Nadhani wanawaonea vijana. Kilichoipunguza bugobogobo ni plau ya ng'ombe, kisha trekta, na sasa dawa ya magugu. Wimbo wa kulima unahitaji watu ishirini wenye majembe katika shamba moja, na familia yenye maksai wanne haiwahitaji watu hao. Palizi ndiyo iliyobaki kwa mkono, na wimbo ulijificha hapo. Sasa bomba la kupulizia limefika hapo pia. Siwezi kumwambia mkulima aache kupulizia ili mimi nipate cha kutazama. Ila tuseme ukweli kuhusu kilichotokea.

Simu, kwa upande wake, inaokoa. Nenda stendi ya Kahama ukatafute kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Nyimbo za Kisukuma zina sehemu yake kubwa: zilizorekodiwa studio, kinanda kikichukua nafasi ya marimba, ngoma ya kompyuta ikipiga mwendo uleule wa jembe. Waimbaji kama Bhudagala Mwanamalonja wana wasikilizaji Kanda ya Ziwa yote. Wapenda asili wanakunja uso wakisikia kinanda hicho. Mchungaji mwenye redio begani hakunji. Anatembea nyuma ya ng'ombe wake kwenye nyasi mpya, na ana manju wake saa yoyote anayotaka.

Tusiipambe mvua kupita kiasi. Inaleta mbu, inakata njia, na kwa wachimbaji wadogo ni hesabu mbaya. Maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, hujaa maji, udongo hulainika, matimba yanayoyashikilia huoza. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangarata, Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai Novemba 15, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi. Januari 2024, msimu wa mvua, watu 22 walifukiwa na kufa mgodini Bariadi, mkoani Simiyu. Ndiyo sababu wachimbaji wengi, radi ikianza, huacha duara na mwalo wa kuoshea dhahabu na kurudi kwao kusawazisha majaruba ya mpunga. Dhahabu haiozi, husema, itangoja. Mpunga haungoji.

Na kuna miti yenyewe. Kwa miongo mingi mkoa wa Shinyanga ulifyekwa, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba na kupata kuni, hadi ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara ya mpango huo ilikuwa kurudi kwenye jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo: ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua inapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea. Hadi mpango unafika mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sehemu ya kijani unachokiona Novemba ukiwa ndani ya basi ilitunzwa kwa makusudi na wanakijiji walioapa kutoingiza ng'ombe.

Kahama imekuwa manispaa tangu 2021, na viwanja vinapimwa kwa kasi. Ramani ya eneo maalumu la Buzwagi ina nafasi ya viwanda, maghala na barabara, na hayo yanahitajika. Vijana wengi walibaki bila kazi mgodi ulipofungwa. Kwa wapimaji na madiwani ombi langu ni dogo. Acheni kipande cha mitundu kisimame pale ilipo, na tengeni uwanja mmoja wa wazi wa ngoma, wenye hati, usiogawiwa kwa mtu, kabla kila mita haijapata mwenyewe.